"Misimu Minne" ya Kennedy na English Chamber Orchestra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasikilizaji

Koncheto nne za fidla za Antonio Vivaldi, zinazojulikana kwa jina la Misimu Minne, zimerekodiwa mara nyingi mno hata hakuna anayeweza kudai kwamba amezisikiliza rekodi zake zote. Katika wingi huo ipo moja iliyowagawa wasikilizaji kuliko nyingine: watu ambao hawakuwahi kununua muziki wa aina hii waliingia dukani kuitafuta, na baadhi ya waliokuwa wakiununua tangu ujana wao hawakutaka hata kuisikia. Wanaokutana nayo leo huuliza karibu maswali yaleyale. Majibu yafuatayo yameandikwa na mtu anayeipenda rekodi hiyo kwa sehemu kubwa, lakini si yote, na pale yanapokuwa maoni yake binafsi amesema hivyo.

Ni rekodi gani hasa inayozungumziwa?

Ni ile iliyotolewa na kampuni ya EMI mwaka 1989, ambamo Nigel Kennedy anapiga fidla kuu na papo hapo anaiongoza English Chamber Orchestra ya London. Kennedy alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1956, akasoma katika shule ya muziki iliyoanzishwa na mpiga fidla Yehudi Menuhin, kisha akaendelea Juilliard jijini New York. Alipoirekodi Misimu Minne hakuwa kijana aliyeokotwa mtaani, ingawa mavazi yake yaliwafanya watu wengi wadhani hivyo, kwa kuwa rekodi yake ya koncheto ya fidla ya Edward Elgar ilikuwa tayari imetangazwa na jarida la Gramophone kuwa rekodi bora ya mwaka 1985.

Okestra nayo haikuwa ya jana. Ilianza mwaka 1948 kwa jina la Goldsbrough Orchestra, ikachukua jina la sasa mwaka 1960, na wapenzi wa Mozart waliijua vizuri kutokana na koncheto za piano ambazo Daniel Barenboim alizirekodi nayo. Mambo haya yanafaa kutajwa mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama zilizofuata ilijengwa juu ya dhana kwamba hapa kuna mtu wa mzaha aliyejitwalia muziki wa wenyewe.

Koncheto ni nini, na kwa nini ipigwe na okestra ndogo?

Koncheto ni utungo ambamo mpigaji mmoja husimama mbele ya okestra, mara akijibizana nayo, mara akipiga peke yake, mara akimezwa nayo. Kila koncheto katika Misimu Minne ina sehemu tatu: ya kwanza huwa ya mwendo wa haraka, ya pili ya polepole, na ya tatu ya haraka tena, kwa hiyo jumla ni sehemu kumi na mbili. Okestra ndogo ni kundi la wapigaji wachache, wengi wao wakiwa wa nyuzi, na Vivaldi hakuandika kwa ajili ya kundi kubwa zaidi ya hilo. Anachohitaji ni fidla, viola, chelo, besi na kinanda cha kale cha kuchuna nyuzi kiitwacho hapsikodi. Okestra kubwa ya watu themanini ikizipiga koncheto hizi, sauti inanenepa na maneno ya muziki yanapotea, kama mtu anayesoma shairi huku amejaza chakula mdomoni.

Je, huu ni muziki wa klasiki?

Kwa maana ya kawaida ya dukani, ndiyo. Kwa maana ya wanahistoria, hapana, maana Vivaldi (1678–1741) ni wa kipindi cha Baroki, kilichotangulia kile cha Haydn na Mozart. Tofauti hiyo ina umuhimu mmoja tu hapa: mtunzi wa Baroki alimwachia mpigaji nafasi kubwa zaidi ya kuongeza mapambo yake mwenyewe, na baadhi ya mambo aliyoshutumiwa Kennedy yanahusu nafasi hiyohiyo.

Kwa nini ilinunuliwa na watu wengi kiasi kile?

Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 2, na kitabu cha Guinness kikaitambua kuwa rekodi ya klasiki iliyouzwa kuliko zote hadi wakati huo. Baadaye ilipitwa na rekodi ya tamasha la waimbaji wa opera Carreras, Domingo na Pavarotti lililofanyika Roma mwaka 1990. Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni matangazo, na ni kweli kwamba ilitangazwa kama santuri za pop zinavyotangazwa: televisheni, mahojiano, picha za kijana mwenye nywele zilizosimama kama miiba, shabiki wa kulia na kushoto wa klabu ya Aston Villa.

Hata hivyo matangazo peke yake hayaelezi kwa nini walionunua waliendelea kuisikiliza. Utungo wenyewe umekaa vizuri kwa sikio geni. Sehemu nyingi zina urefu wa dakika mbili hadi tano, yaani urefu wa wimbo wa redio. Nyingi za zile za haraka zina kiitikio kinachorudi. Na kila moja inasimulia jambo linaloonekana, kuanzia ndege wanaolia hadi mtu anayeteleza juu ya barafu. Tena si mara ya kwanza utungo huu kupendwa na watu wasio wanamuziki. Tarehe 25 Novemba 1730 mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa aliagiza ghafla apigiwe koncheto ya kwanza kati ya hizi nne, na watu wa baraza lake wakajikusanya kumpigia. Biashara ya kisasa iliukuta mlango ukiwa wazi, ikaingia.

Wanaoilaumu wanalaumu nini hasa?

Inategemea ni nani anayelaumu, na hapa ndipo mjadala mwingi huharibika, kwa sababu watu wanatumia neno moja, "mbaya", kwa mambo matatu yasiyohusiana.

Kundi la kwanza linamlaumu mtu. Mwaka 1991 John Drummond, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Radio 3 ya BBC, alimkosoa Kennedy hadharani kwa mavazi yake na lafudhi yake, akamlinganisha na Liberace, mpiga piano wa Marekani aliyejulikana kwa mapambo ya jukwaani kuliko kwa jambo lingine lolote. Lawama ya namna hii haiwezi kujibiwa kwa kuisikiliza rekodi, kwa sababu haikutokana na kuisikiliza. Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika historia hapa. Vivaldi, padri mwenye nywele nyekundu, alifundisha fidla mjini Venice katika Ospedale della Pietà, nyumba iliyolea wasichana waliotelekezwa, na wasichana hao walipokuwa wakipiga muziki kanisani walifichwa nyuma ya vyuma vya nakshi ili wasikilizaji wasiwaone vizuri. Waliokwenda kuwasikiliza walibaki na masikio tu. Laiti Kennedy naye angepigia nyuma ya vyuma vile, nusu ya ubishi usingekuwepo.

Kundi la pili linalaumu biashara: kwamba muziki umekatwa vipande na kuuzwa kama sabuni. Hili lina ukweli wake, lakini ni lawama dhidi ya wauzaji, na ndani ya diski koncheto zimo zote, kwa mpangilio wake, bila kukatwa.

Kundi la tatu ndilo la kusikilizwa kwa makini, kwa sababu linalaumu upigaji. Wanasema mwendo ni wa kasi kupita kiasi, mikazo ni mikali, upinde unakwaruza nyuzi, na tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa imetiwa chumvi. Maswali mawili yanayofuata yanawahusu hao.

Ile mikwaruzo na ukali wa sauti, je, si makosa ya kiufundi?

Mara nyingi si makosa, na ushahidi umo katika karatasi ya mtunzi mwenyewe. Vivaldi alizichapisha koncheto hizi Amsterdam mwaka 1725, katika mkusanyo wa koncheto kumi na mbili, na alizitanguliza kwa soneti nne, shairi moja kwa kila msimu, ambazo mwandishi wake hajatajwa ingawa wengi huamini ni Vivaldi mwenyewe. Halafu akaweka vipande vya mashairi hayo juu ya noti, mahali hasa ambapo jambo linatokea, ili mpigaji asikosee anachokisimulia.

Mfano unaofaa kuliko yote ni sehemu ya pili ya koncheto ya kwanza, ya majira ya machipuko. Fidla kuu ni mchungaji wa mbuzi aliyelala. Fidla nyingine ni majani yanayonong'ona. Viola, kwa noti mbili zinazorudiwa mwanzo hadi mwisho, ni mbwa anayebweka, na Vivaldi ameagiza zipigwe kwa nguvu sana na kwa kuraruliwa. Katika rekodi nyingi za zamani mbwa huyu alifugwa akafugika. Ukimsikia unadhani ni mapigo ya moyo wa mchungaji. Msikilizaji aliyekulia na rekodi hizo, akisikia viola zinazobweka kwelikweli, hufikiri mpigaji ameharibu kitu, kumbe ameurudisha mdomo wa mbwa mahali pake.

Ndivyo ilivyo pia katika koncheto ya kiangazi, ambayo kwangu ndiyo kilele cha rekodi ya Kennedy. Inaanza kwa uchovu wa joto, kwa sauti zinazojikokota, na soneti inaeleza watu na mifugo wakidhoofika chini ya jua. Kisha wanasikika kuku wa mwituni? La, ni kekeo, hua na ndege mdogo mwenye mstari wa manjano mabawani. Mara upepo unageuka na mchungaji analia kwa kuogopa dhoruba. Katika sehemu ya pili nzi wanamzunguka asipate usingizi, huku radi ikinguruma mbali. Sehemu ya tatu ni dhoruba yenyewe, na mvua ya mawe inayoangusha masuke ya nafaka. Anayetaka mambo hayo yapigwe kwa sauti tamu isiyo na kovu anadai kitu ambacho Vivaldi hakukiandika.

Ninapokubaliana na walaumu ni katika sehemu za polepole. Sehemu ya pili ya koncheto ya tatu ni usingizi wa walevi baada ya sherehe ya mavuno, na karibu haina melodia: nyuzi zinashikilia sauti zikiwa zimefunikwa, na hapsikodi inapita juu yake taratibu. Muziki huo unataka mtu aondoke njiani. Kennedy si mtu wa kuondoka njiani, na hamu yake ya kufanya jambo katika kila pumzi inachosha pale ambapo lililotakiwa ni kutofanya lolote.

Je, ni kweli kwamba anapiga kwa kasi mno?

Sehemu za mwisho ni za kasi, hasa ile dhoruba ya kiangazi. Lakini Vivaldi aliandika neno Presto hapo, na hakukuwa na kipimo cha mashine cha mwendo wakati wake, hivyo hakuna nambari ya kumshtaki nayo mtu. Kipimo cha haki ni kuuliza kama noti bado zinasikika moja moja, na zinasikika. Sehemu ya pili ya koncheto ya baridi inaonyesha vizuri jinsi swali hili lilivyo gumu: matone ya mvua yanadonolewa kwa vidole huku fidla kuu ikiimba karibu na moto wa nyumbani. Wapo wapigaji wanaoimaliza kwa dakika moja na nusu au chini yake, na wapo wanaoivuta hadi zaidi ya dakika mbili, na kila upande una uhakika kwamba ndiyo mvua aliyoisikia Vivaldi.

Kwa nini wasikilizaji wa umri mkubwa huirejelea rekodi ya Marriner?

Kwa sababu ndiyo iliyowafundisha wengi wao utungo huu. Neville Marriner alianzisha okestra ndogo ya Academy of St Martin in the Fields jijini London mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 akairekodi Misimu Minne, Alan Loveday, mzaliwa wa New Zealand, akiwa mpiga fidla kuu na Simon Preston akiwa kwenye kinanda. Kabla ya hapo kundi la I Musici la Roma lilikuwa limeirekodi katika miaka ya 1950 pamoja na Felix Ayo, kwa sauti nene ya asali. Loveday na Marriner waliikamua asali ile, wakaacha wepesi na uchangamfu, na wasikilizaji wa wakati wao waliiona hiyo kuwa ndiyo mpya na ya kuthubutu.

Hilo ni jambo la kukumbuka tunapozisoma hasira za mwaka 1989. Rekodi iliyotumiwa kuwa fimbo ya kumchapia Kennedy ilikuwa yenyewe imewahi kuwashangaza watu miaka ishirini iliyotangulia. Kama ningelazimika kubaki na moja tu kati ya hizo mbili, ningebaki na ya Marriner kwa ajili ya machipuko na mavuno, na ningemwibia Kennedy kiangazi chake.

Na wale wanaotumia ala za kale?

Hao wanatumia nyuzi za utumbo wa kondoo na pinde nyepesi za mtindo wa karne ya 18, ilhali Kennedy na English Chamber Orchestra walitumia ala za kisasa. Nikolaus Harnoncourt na kundi lake la Concentus Musicus Wien, pamoja na mpiga fidla Alice Harnoncourt, walikuwa wameshaitoa Misimu Minne yao katika miaka ya 1970, ikiwa na mikwaruzo na mishtuko ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja kundi la Il Giardino Armonico la Milan, ambalo baridi yake inagonga meno kwa namna inayomfanya Kennedy aonekane mpole. Ajabu ni kwamba ukali uleule uliohesabiwa kuwa ushamba ulipotoka kwa mtu mwenye nywele za miiba ulihesabiwa kuwa elimu ulipotoka kwa wataalamu wa ala za kale.

Ni kweli kwamba diski ilikuwa fupi?

Ndiyo. Koncheto zote nne huchukua dakika 40 hivi, na hakukuongezwa kitu kingine, ilhali diski ingebeba zaidi ya saa moja. Walionunua kwa bei kamili walikuwa na haki ya kunung'unika.

Misimu hii mbona hailingani na yetu?

Hailingani, na tafsiri za majina zinaongeza mkanganyiko. Vuli ya pwani yetu ni mvua za mwisho wa mwaka, wala si majira ya majani kupukutika na zabibu kuvunwa. Kipupwe chetu ni ubaridi wa kati ya mwaka, wala si barafu ya kutelezea. Ndiyo maana msikilizaji wa Tanga au Mombasa anaweza kuisikiliza koncheto ya nne kama hadithi ya nchi ya mbali, na isimguse sana. Koncheto ya pili ni tofauti. Lile joto zito linalomwachisha mtu kazi, hewa iliyosimama, nzi, mngurumo wa mbali, kisha mbingu kufunguka, ni mambo anayoyajua kila aliyewahi kuungoja mwezi Machi uishe na masika yaingie. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ninapendekeza kuanza na kiangazi, hata kama diski inaanza na machipuko.

Masikio yaliyozoea taarab yataisikiaje rekodi hii?

Yataisikia kwa faida fulani. Fidla si ala ngeni Zanzibar: vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimezoeza vizazi kusikia safu ya fidla ikimjibu mwimbaji, pamoja na udi, ganuni, nai na akodiani. Tofauti kubwa ni kwamba katika taarab fidla zote kwa kawaida hushika melodia moja kwa pamoja na kuipamba, wakati Vivaldi anazigawia kazi, hii ikiwa jani, ile mbwa, nyingine upepo. Mtu wa taarab anapaswa kujizoeza kusikia mambo matatu yakitokea kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, lile linalowaudhi baadhi ya wasikilizaji wa Ulaya, yaani mpigaji kunyoosha noti, kuikwaruza, au kuongeza la kwake, halitamshtua mtu aliyezoea taksim, ambapo mpigaji hupewa nafasi ya kutembea peke yake ndani ya maqam, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, kabla ya wenzake kuingia.

Mkutano wa mambo hayo mawili umewahi kutokea hadharani. Mwezi Agosti 2013, katika matamasha ya Proms kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Kennedy aliipiga tena Misimu Minne, safari hii pamoja na vijana wa Kipalestina wa kundi la Palestine Strings, na katikati ya koncheto za Vivaldi wapigaji waliingiza vipande vya kubuni papo hapo kwa mtindo wa Kiarabu. Walioipenda rekodi ya 1989 kwa sababu ya unadhifu wa okestra yake hawakukikuta kile walichokizoea, kwani koncheto zilifunguliwa ovyo kuliko hapo awali. Mimi niliisikiliza dhoruba ya kiangazi katika tamasha hilo baada ya kuizoea ile ya diski kwa miaka mingi, na nilichogundua kwanza ni kwamba viola zilikuwa bado zinabweka.